Seli zinazokufa kwenye kisahani na kuishi miaka mwilini: saitokini katika lukemia sugu ya limfosaiti

Ukanda wa Ziwa ulijifunza kusoma majibu ya damu wakati wa UKIMWI. Kuanzia Kirumba jijini Mwanza hadi visiwa vya Ukerewe, watu ambao hawajawahi kukanyaga chuo cha uuguzi wanajua CD4 ni nini, na wanajua kwamba zikipanda ni heri, zikishuka ni hatari. Ndiyo maana majibu ya lukemia sugu ya limfosaiti, saratani ya aina moja ya seli nyeupe za damu, huwachanganya wengi. Mzee anakwenda kupima malaria, na kwa kuwa amepungua mwili daktari anamwandikia na FBP, kipimo cha kuhesabu seli za damu. Karatasi inatoka na seli nyeupe 90,000 katika maikrolita moja ya damu, wakati mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Kijana wake anaisoma na kufurahi: askari wa baba ni wengi.

Sehemu kubwa ya hizo 90,000 haimlindi baba. Ni nakala za limfosaiti B moja, yaani seli nyeupe ya aina inayotengeneza kingamwili, iliyoharibika zamani, na kila nakala imerithi uharibifu uleule. Ugonjwa huu, ambao madaktari huuandika CLL kwenye faili, huhesabiwa kuwepo pale limfosaiti B za ukoo mmoja zinapofika angalau 5,000 katika maikrolita na hali hiyo ikadumu miezi 3 au zaidi. Huwapata hasa wazee. Huenda polepole: wapo wanaoishi nao miaka mingi bila kuhitaji dawa yoyote, na wapo ambao unawabadilikia ndani ya muda mfupi.

Tone la damu ya mgonjwa likipakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, limfosaiti hizi huonekana ndogo na za mviringo, kiini kimejaa karibu seli nzima na kuacha ukingo mwembamba wa buluu. Katikati yake pametapakaa madoa ya zambarau yasiyo na umbo. Ni seli zilezile, zimepasuka wakati damu inapakwa. Fundi wa maabara akiichanganya damu na albumini kidogo kabla ya kupaka, madoa hayo hupungua sana, kwa hiyo si kwamba zilikuwa zimepasuka mwilini. Ni dhaifu tu, haziwezi kustahimili msuguano wa kioo juu ya kioo.

Ukizichukua seli hizi kutoka kwenye damu ya mgonjwa, ukaziweka kwenye kisahani cha maabara chenye joto la mwili na chakula cha kutosha, nyingi hufa ndani ya siku chache. Hilo liliwashangaza watafiti kwa miaka mingi, kwa sababu kwa mujibu wa jeni zake seli hizi hazikupaswa kufa kirahisi. Zimejaa protini iitwayo BCL-2, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isijiue. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wamepoteza kipande cha kromosomu ya 13, na mwaka 2002 kundi la Carlo Croce nchini Marekani lilionyesha kwamba ndani ya kipande hicho zimo RNA mbili fupi, miR-15 na miR-16. Baadaye ikajulikana kwamba hizo ndizo huidhibiti BCL-2. Zikipotea, BCL-2 inaongezeka bila kizuizi. Sasa seli yenye kinga ya namna hiyo dhidi ya kifo, mbona inakufa kwenye kisahani na mwilini inaishi?

Jibu liko kwenye vitu ambavyo kisahani hakina. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikwisha kuonekana kwamba ukitia protini moja tu iitwayo intaleukini-4 kwenye kisahani, seli nyingi za CLL huacha kufa. Mwaka 2000 watafiti wa California wakaona jambo la pili: damu ya mgonjwa ikiachwa kwenye kisahani kwa muda, baadhi ya seli nyingine zilizomo, za jamii ya monosaiti, hukua zikawa kubwa na kushika chini, na seli za CLL huzizunguka na kubaki hai. Seli hizo kubwa zilikuwa zikitoa protini ya kuita na kulinda, CXCL12. Ziliitwa seli walezi, na jina limebaki.

Hapa ndipo saitokini zinapoingia. Saitokini ni protini ndogo ambazo seli hutoa ili kuziambia seli nyingine la kufanya: njoo, gawanyika, tulia, kufa. Zile zinazoita seli zisogee mahali fulani huitwa kemokini. Mtu wa Mwanza anazijua kwa mwili wake hata kama hajawahi kulisikia jina. Vimelea vya malaria vinapopasua seli nyekundu, seli za kinga humwaga TNF, intaleukini-1 na intaleukini-6. Zinafika kwenye ubongo, zinapandisha kiwango cha joto la mwili, na mgonjwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili wakati jua la saa saba linawaka nje. Homa ile, maumivu yale ya viungo, ile hali ya kutotaka hata kuona chakula, sehemu kubwa ni kazi ya saitokini zake mwenyewe. Dawa ikiviua vimelea, saitokini hushuka, na baada ya siku chache anadai ugali na sato.

Huo ni mchochota, yaani kinga iliyowaka, wenye mwanzo na mwisho. Katika CLL mchochota hauna pa kuishia, kwa sababu anayeuchochea ni yuleyule anayefaidika nao.

Yeyote aliyesimama Capri Point usiku wa giza ameziona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani. Mvuvi hamfukuzi dagaa. Anawasha taa, anatulia, dagaa wanakuja wenyewe. Seli ya CLL ikiwa ndani ya tezi za limfu, kama zile za shingoni na kwapani, hufanya hivyohivyo. Kipokezi kilicho juu yake, protini inayopokea ishara kutoka nje, kikiguswa, inaanza kutoa kemokini mbili, CCL3 na CCL4, na limfosaiti T za jirani, seli nyeupe za kinga za aina nyingine, zinasogea kuzifuata kemokini hizo. Wagonjwa wenye CCL3 nyingi kwenye damu wameonekana kuhitaji tiba mapema kuliko wenye kidogo. Ila dagaa akifika kwenye taa anaishia kwenye wavu, lakini limfosaiti T hubaki hai na kufanya kazi iliyoitiwa: inaigusa seli ya CLL kwa protini iitwayo CD40L na kuimwagia intaleukini-4 na intaleukini-21. Seli ya saratani inapata ulinzi dhidi ya kifo na ruhusa ya kugawanyika.

Na hizo limfosaiti T ni zipi? Ndani ya vikundi vya seli zinazogawanyika kwenye tezi, zinazoonekana zaidi ni CD4. Ndizo zilezile ambazo kwa miaka zaidi ya 20 tumefundishwa kuziombea zipande. Hazijaharibika wala hazina saratani. Zimeitwa, zikaitika, na zinafanya kwa uaminifu kile ambacho zingeifanyia limfosaiti B yoyote yenye afya inayopambana na kidudu.

Kwa muda mrefu vitabu vilisema CLL ni ugonjwa wa seli zisizokufa, zinazojilimbikiza tu. Mwaka 2005 ikatolewa taarifa ya wagonjwa waliokunywa kwa wiki kadhaa kiasi kidogo cha maji mazito, yaani maji ambayo haidrojeni yake ni ya aina nzito isiyo na mionzi. Kila seli inayozaliwa hutumia haidrojeni hiyo kujenga DNA yake, hivyo seli mpya zinaweza kuhesabiwa. Ilionekana kwamba kila siku kati ya asilimia 0.1 na zaidi ya asilimia 1 ya seli zote za saratani zilikuwa zimezaliwa upya. Kwa mtu mwenye mabilioni kwa mabilioni ya seli hizo, ni uzazi mkubwa. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba mahali zinapozaliwa ni kwenye tezi hasa, kule kwenye saitokini nyingi. Seli tunazoziona kwenye tone la damu ziko safarini, zimetulia, na mbali na walezi wake zina muda mfupi. Kipimo cha damu kinatuonyesha wasafiri. Kinachoamua kasi ya ugonjwa kiko shingoni, kwapani, kwenye bandama na kwenye uboho.

Nini hukigusa mwanzoni kipokezi kile cha seli ya CLL, kile kinachoifanya itoe kemokini, bado kinachunguzwa. Kuna wagonjwa wa mabara tofauti, wasio na undugu wowote, ambao vipokezi vya seli zao vinakaribia kufanana. Hilo halitokei kwa bahati, kwa kuwa mwili una uwezo wa kutengeneza vipokezi vya aina nyingi mno. Linaashiria kwamba seli zao zilichochewa na kitu cha aina moja, na miongoni mwa vinavyoshukiwa ni mabaki ya seli za mwili wenyewe zinazokufa.

TNF, intaleukini-6 na intaleukini-8 hupatikana kwa wingi kwenye damu ya wagonjwa wengi, na kwa jumla viwango huwa juu zaidi ugonjwa unapokuwa umeendelea. Sitazipitia moja moja. Intaleukini-10, hata hivyo, inastahili kutazamwa kwa ukaribu, kwa sababu yenyewe haiwashi mchochota, inauzima. Limfosaiti B fulani za mtu mwenye afya huitoa ili kinga isipitilize ikaumiza mwili. Seli za CLL nazo huitoa, na mgonjwa anapata hasara mbili kwa pamoja: mchochota unaoilisha saratani unaendelea, huku kinga halisi dhidi ya vidudu inalegea. Ongeza na hili, kwamba limfosaiti B zenye afya zimebanwa na kingamwili hazitengenezwi za kutosha. Ndipo unamkuta mzee mwenye seli nyeupe 90,000 anaugua nimonia mara kwa mara, au anatokewa na mkanda wa jeshi ubavuni, na ndugu wanashindwa kuelewa. Kwa wagonjwa wa CLL, maambukizi ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo, na homa kwao ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Uchovu nao una maelezo. Mgonjwa wa CLL anaweza kuwa na uchovu usioisha kwa kulala, jasho la usiku linalolowesha shuka, na nguo zinazozidi kumpwaya. Saitokini zilezile zinazomlaza wa malaria kwa siku tatu humlaza huyu kwa miezi. Halafu kuna upungufu wa damu. Intaleukini-6 huliambia ini litoe homoni iitwayo hepsidini, na hepsidini huzuia madini ya chuma yasitoke utumboni na kwenye akiba ya mwili kuingia kwenye damu. Chuma kipo, ila hakifiki kwenye uboho kunakotengenezwa seli nyekundu. Mgonjwa wa namna hii akipewa vidonge vya kuongeza damu, vinaweza visimsaidie kitu. Lakini sababu nyingine zipo: uboho uliojaa seli za saratani, au kinga iliyogeuka na kuzivunja seli nyekundu, ambayo hutafutwa kwa kipimo cha Coombs. Na huku kwetu kuna safura, ambayo kwayo vidonge vya chuma husaidia kweli. Kila moja ina tiba yake, kwa hiyo kusema tu kwamba mzee ana damu ndogo hakutoshi.

Hapa kandokando ya ziwa kuna ugumu ambao vitabu vya Ulaya huutaja kwa mstari mmoja. Bandama kubwa na limfosaiti nyingi si alama ya CLL peke yake. Mtu aliyeumwa malaria tena na tena kwa miaka anaweza kupata bandama inayoshuka hadi kitovuni, kwa kuwa kinga yake imechokozwa bila kupumzika, na wakati mwingine limfosaiti zake hupanda hadi zikafanana na za lukemia. Huyu akipewa dawa za kuzuia malaria kwa miezi, bandama hurudi ndani. Kichocho cha tumbo nacho, kilichoenea mno kwenye visiwa na vijiji vya mwambao, huharibu ini na kuvimbisha bandama, na kwa miaka hukaa kimechochea saitokini hizohizo. Kwa sababu hiyo kipimo cha intaleukini-6 au TNF hakiwezi kumwambia mtu wa Sengerema kama ana saratani. Kinachotofautisha ni ukoo wa seli. Limfosaiti B zinazopambana na maambukizi huwa mchanganyiko wa kappa na lamda, aina mbili za mnyororo mwepesi ulio kwenye kipokezi. Za CLL huwa zote za aina moja, na zina alama za CD5 na CD23 juu yake. Kazi hiyo hufanywa na mashine ya flo saitometri, na mgonjwa wa vijijini mara nyingi huanza kwa rufaa ya kwenda hospitali kubwa kama Bugando. Safari hiyo ina gharama, lakini kumpa mtu dawa za saratani kwa bandama ya malaria ni kosa ambalo ningependa kila familia ijue kwamba linaweza kuzuilika.

Dawa mpya zimetuonyesha kwa vitendo jinsi saitokini zinavyofanya kazi. Ibrutinibu, iliyoidhinishwa Marekani kwa CLL mwaka 2014, huziba njia ambayo kipokezi cha limfosaiti B hutumia kupeleka amri ndani ya seli. CCL3 na CCL4 hushuka haraka, na seli hupoteza uwezo wa kung'ang'ania kwa walezi wake. Tezi za shingoni zinaanza kunywea ndani ya siku na wiki chache. Wakati huohuo seli nyeupe kwenye damu zinapanda, pengine hadi kuzidi za mwanzo. Mgonjwa asiyeelezwa mapema huishiwa nguvu akiona karatasi hiyo na kufikiri dawa imemkataa. Kumbe seli zimetolewa kwenye tezi zikamwagika kwenye damu, ambako hazina wa kuzilinda, na nyingi zitafia huko taratibu, hata kama ni kwa miezi mingi. Wanaohudumu kliniki wamwambie hilo kabla hajameza kidonge cha kwanza.

Venetoklaksi, iliyokuja mwaka 2016, huishambulia BCL-2 yenyewe. Ni dawa yenye nguvu kubwa. Lakini maabara imeonyesha kwamba seli zilizoguswa na CD40L na intaleukini-4 hutengeneza protini nyingine za kuzuia kifo, MCL-1 na BCL-XL, na dawa hiyo inapungua makali dhidi yake. Seli iliyo damuni inakufa. Ndugu yake aliye kwenye tezi, amezungukwa na limfosaiti T, anaponea hapo. Dawa hizi zote mbili bado ni ghali kiasi cha kuzishinda familia nyingi, na klorambusili, kidonge cha tangu miaka ya 1950, hakijatoweka.

Saitokini huweza pia kupanda ghafla kwa sababu ya tiba. Rituksimabu, dawa nyingine ya CLL, ikianza kuingia kwa dripu kwa mtu mwenye seli nyingi damuni, seli zinavunjika kwa wingi na TNF na intaleukini-6 humwagika ndani ya saa moja au mbili: baridi kali, meno yanagongana, homa, presha inashuka. Muuguzi anayeijua dawa hii huanza na matone ya polepole baada ya kumpa mgonjwa parasetamoli na dawa ya mzio, hukaa karibu, na akiona mtetemeko anafunga dripu kwanza kabla ya kuita daktari. Dripu ya pili kwa kawaida huwa na nafuu. Tiba ya CAR-T, ambamo limfosaiti T za mgonjwa hubadilishwa jeni ili ziiwinde saratani, ina dhoruba kali zaidi ya hiyo, na dawa inayoituliza, tosilizumabu, hufanya kazi kwa kuziba kipokezi cha intaleukini-6. Wagonjwa wawili wa CLL waliopata CAR-T huko Philadelphia mwaka 2010 waliripotiwa mwaka 2022 kuwa walikaa miaka kumi bila CLL yao kurudi.

Mtu anaweza kuuliza, kama saitokini ndizo zinailisha, kwa nini tusizizibe tu? Hadi sasa hakuna dawa ya kuziba saitokini moja iliyogeuka kuwa tiba ya CLL. Ukiziba moja, zipo nyingine tano zinazofanya kazi inayofanana nayo. Ndiyo maana kuikata njia ndani ya seli yenyewe, kama ibrutinibu inavyofanya, kumezaa matunda zaidi.

Na hapa naomba nisikilizwe na wanaouza na wanaonunua. Masokoni na kwenye simu zetu kuna chupa na unga wa kila rangi wa kuongeza kinga na kusafisha damu. Katika CLL kinga iliyochochewa ni sehemu ya ugonjwa, kwa hiyo dawa inayodai kuipandisha kinga, kama kweli ingefanya hivyo, hakuna anayejua ingemlisha nani. Chanjo ya nimonia ina faida ya kweli kwa mgonjwa huyu. Chanjo zenye vidudu hai, kama ya homa ya manjano, hapaswi kupewa. Naye aliyeambiwa na daktari asubiri bila dawa, arudi baada ya miezi mitatu, hajatelekezwa. Tafiti za miaka mingi zilionyesha kwamba kuwaanzishia dawa za zamani mapema wagonjwa wasio na dalili hakukuwaongezea maisha. Anachotakiwa ni kurudi kweli tarehe ikifika, na kurudi kabla ya tarehe kama jasho la usiku, homa, kukonda au tezi zinazokua haraka vimeanza.

Kama tayari anatumia ibrutinibu, asile balungi, kwa sababu linazuia utumbo na ini visiivunje dawa, nayo ikalundikana mwilini. Mizizi na magome yanaweza kufanya hivyohivyo au kinyume chake, na dawa hiyo peke yake tayari huongeza uwezekano wa kutokwa damu. Chupa ya mitishamba iliyo chini ya kitanda ibebwe siku ya kliniki, iwekwe mezani mbele ya daktari, na mzee aseme anakunywa kiasi gani na tangu lini.